Jinsi ya kumuuliza babu habari za kanisa enzi za Mreno

Kama uko Masasi, Nanyumbu au Newala na babu yako alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji na hakuwa Mkatoliki, nenda kamuulize mwaka huu huu. Mimi nilichelewa kwa bibi yangu, naumia hadi leo.

Usianze na "shikamoo babu, mliteswa?" Atasema hapana, kimya. Na neno mprotestanti liache, wazee wengi wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana, hawajiiti hivyo, wao wana padri, wana misa, wana ubani, ukisema mprotestanti anadhani unaulizia watu wengine kabisa. Sema Anglikana, au taja tu Messumba, misheni yao kule Niassa kwenye Ziwa Nyasa, ukiona macho yamebadilika endelea hapo hapo.

Anzia shule, ndo penye mambo. Mwaka 1940 Ureno ilisaini mkataba na Vatikani, shule za Waafrika zikawekwa mikononi mwa misheni za Kikatoliki na serikali ikazigharamia, misheni zingine zikabaki zinajitegemea. Kwahiyo muulize, ulisoma wapi? walitaka ubatizwe kwao kwanza? ulipotoka shule ya misheni yenu ile elimu ilitambuliwa? mlifundishwa kwa lugha gani? maana Mreno alilazimisha Kireno, lugha za nyumbani zikaruhusiwa kwenye dini tu.

Akikwama miaka, muulize kabla ya vita au baada, vita ya uhuru wa Msumbiji ilianza Septemba 1964 na wengi walivuka baada ya hapo.

Kitu kimoja nasisitiza sana, usimvute amseme vibaya jirani yake Mkatoliki, huku kwetu tunazikana pamoja, na hata kule 1971 mapadri wa White Fathers, shirika la Kikatoliki, waliondoka Msumbiji kwa kupinga mambo ya Mreno. Lakini pia usimkatize akianza kulia. Mwaka 1972 Zedequias Manganhela, kiongozi wa kanisa la Presbiteri Msumbiji, alifia gerezani Machava, na hizo habari wazee wanazijua.

Usiende msimu wa korosho, hana muda. Nenda jioni, simu iweke kwenye mkeka irekodi, usiishike mkononi kama askari. Cheti cha ubatizo kikiwepo kipige picha pande zote mbili, jina liandike kama lilivyo hata kama ni la Kireno na nyumbani anaitwa vingine, yote mawili yaandike, na kijiji alichotoka, na nani alimshika ubatizo.