Kumtembeza mjusi wa Tendaguru kwa skrini nane

Jaribio letu la kwanza lilitetemeka. Wanafunzi kumi walifanya kazi muhula mzima, na siku ya kuonyesha, picha ilipopigwa ukutani, mjusi alirukaruka juu na chini kila alipoinua mguu. Walinyamaza wote. Nilijua kosa ni langu: niliwafundisha kuchapa picha kama tunavyochapa fulana kwa skrini, yaani fremu yenye neti inayopitisha wino, wakati katuni ya kuchapwa ina masharti yake. Tukarudia kazi yote, na mara ya pili mjusi alitembea. Hapa naandika njia tuliyofuata hiyo mara ya pili, ili mwalimu au fundi mwingine wa huku kusini asipoteze muhula kama sisi.

Kuhusu mjusi mwenyewe: kilima cha Tendaguru kiko mkoani kwetu Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, ikabebwa na watu kwa miguu hadi bandari ya Lindi na kupakiwa melini. Mkubwa wa mijusi hao, ambaye wataalamu wanamwita Giraffatitan, amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake mita 13.27. Wanafunzi wangu walisikia habari zake tangu wadogo, ila hakuna aliyewahi kumwona akitembea. Ndiyo maana walimchagua.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kuchora

Sinema huenda kwa picha 24 kwa sekunde, lakini katuni nyingi za mkono huchorwa picha 12 kwa sekunde, kila mchoro ukionekana mara mbili, na jicho halilalamiki. Filamu yetu ni ya sekunde 20, yaani picha 240. Usiogope. Mnyama anayetembea hurudia mzunguko uleule wa miguu, na mnyama mzito hana haraka, kwa hiyo tulimpa sekunde 2 kwa mzunguko mmoja. Michoro ikawa 24 tu, mzunguko ukirudiwa mara kumi.

Sasa sikiliza, maana uzuri wa kazi hii uko hapa. Ukirudia picha zilezile 24 kwenye kompyuta, mnyama anaonekana kama mashine. Chapa kila karatasi mara kumi, kisha tumia chapa zote kumi. Wino haulali sawasawa mara mbili: hapa umekolea, pale umeacha vitundu. Zikipita kwa mfululizo, ngozi ya mjusi inakuwa kama inapumua. Hiyo ndiyo sababu ya kuchapa kwa skrini badala ya kuchora moja kwa moja kwenye kompyuta.

Hatua ya 2: Mtazame ng'ombe

Tuliwapiga video ng'ombe barabarani kwa simu, tukaitazama polepole. Mguu wa nyuma kushoto unatua, kisha wa mbele kushoto, kisha nyuma kulia, kisha mbele kulia. Katika michoro 24, kila mguu hutua baada ya picha sita: picha ya 1, ya 7, ya 13 na ya 19. Chora hizo nne kwanza, ndipo ujaze za katikati.

Mambo mawili ya mwili wake. Miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, hivyo mgongo unashuka kuelekea mkiani kama wa twiga. Na mkia hauburuzwi chini, unaning'inia hewani ukiyumba.

Hatua ya 3: Picha sita kwenye karatasi moja

Tulitumia karatasi za A3, gramu 200. Kila picha ina upana wa milimita 144 na kimo cha milimita 81, katika safu mbili za kusimama, kila moja ikiwa na picha tatu. Karatasi nne zinabeba mzunguko mzima, na kila karatasi inaanza na mguu mmoja unaotua, jambo linalosaidia sana kukagua. Rangi ya mwili ina skrini zake nne, mistari myeusi ina zake nne. Jumla nane.

Kila picha iwe na namba yake pembeni na misalaba minne midogo kwenye kona, vyote vichapwe pamoja nayo. Namba ikisomeka kinyume, umegeuza tresi (karatasi angavu yenye mchoro), na mjusi wako ataelekea upande wa pili. Misalaba utaihitaji kwenye kompyuta.

Hatua ya 4: Skrini

Fundi seremala atakutengenezea fremu zenye nafasi ya ndani ya sentimita 45 kwa 60. Mbao iwe imekauka kweli na ipakwe vanishi, la sivyo maji ya kuoshea yataipinda. Neti tunayotumia kwa fulana ina nyuzi 43 kwa sentimita. Kwenye karatasi inamwaga wino mwingi mno, kucha za mjusi zikawa madoa. Tumia ya nyuzi 77.

Dawa ya kuziba neti ipakwe chumba chenye giza au taa ya njano, mara moja nje na mara moja ndani, kisha fremu ilazwe upande wa kuchapia ukitazama chini. Wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, hewa yetu ya pwani ina unyevu na dawa haikauki ndani. Ukiigusa unadhani tayari, ukiiosha inamenyuka yote. Sisi tuliiweka kabatini na feni usiku kucha.

Hatua ya 5: Kuchoma skrini

Kuchoma ni kuimulika skrini kwa taa: mwanga unagandisha dawa, ila penye mchoro inabaki laini na kuoshwa. Usikisie muda. Chukua skrini moja ya majaribio, weka tresi, funika kwa kadibodi na uisogeze kidogo kidogo kila baada ya sekunde 30 chini ya taa. Osha, angalia sehemu gani imeshika mistari myembamba bila kumenyuka, na huo ndio muda wako kwa taa hiyo na umbali huo. Jua la Lindi nalo linachoma vizuri, lakini wingu moja likipita hesabu imeharibika, na skrini nane zinatakiwa zilingane.

Hatua ya 6: Kuchapa

Hapa ndipo jaribio la kwanza lilipokufa. Tulichapa rangi ya mwili jioni, tukaacha karatasi mezani, tukarudi asubuhi kuchapa mistari. Karatasi ilikuwa imekunywa unyevu wa usiku na kutanuka. Mistari ikakaa nje ya rangi kwa kiasi cha milimita moja, na si karatasi zote kwa kiasi kimoja. Kwenye karatasi utasema si kitu. Lakini picha ya milimita 81 ikikuzwa ukutani hadi mita moja, milimita moja inakuwa zaidi ya sentimita moja, na kila picha inaruka upande wake.

Kwa hiyo mara ya pili karatasi zililala siku nzima wazi kwenye chumba kilekile cha kuchapia, ndipo tukaanza. Rangi zote mbili zilichapwa siku moja. Mezani tulibandika vizuio vitatu vya kadibodi: viwili upande mrefu, kimoja upande mfupi. Karatasi inasukumwa hadi igonge vyote vitatu, na anayeisukuma awe mtu mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kila mkono una nguvu yake. Skrini ifungwe kwa bawaba, ikiwa imeinuliwa milimita 2 au 3 juu ya karatasi ili neti iachie mara skwiji, ubao wenye mpira wa kuvutia wino, inapopita.

Anza na rangi ya mwili, maliza na nyeusi. Rangi iingie milimita moja chini ya mstari, ili hitilafu ndogo ifichike.

Wino wa maji hukauka kwenye neti upesi mno hapa kwetu, hasa upepo wa kusi unapoingia dirishani. Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, madirisha yamefungwa, na kila baada ya kuvuta tulirudisha wino juu ya picha bila kukandamiza ili neti isikae kavu. Chapa kumi na tatu za kila karatasi, upate kumi nzuri.

Hatua ya 7: Kupiga picha

Usizikate. Piga karatasi nzima kwa simu iliyofungwa kwenye stendi, ikitazama chini moja kwa moja. Kamera yenye picha ya nukta 4000 kwa 3000 inatosha, kwani kila picha ndogo inabaki na nukta takriban 1300 kwa upana. Funga mipangilio ya mwanga na fokasi kwenye kamera ili isibadilike. Taa mbili, moja kila upande, na mapazia yafungwe: tulijaribu mwanga wa dirisha, mawingu yakafanya filamu iwake na kuzima.

Hatua ya 8: Kuunganisha

Krita na Blender ni programu za bure na zote zinafaa. Linganisha kila picha kwa ile misalaba minne, kata, hifadhi kwa namba zenye sifuri mbele, 001 hadi 240, ili mpangilio usivurugike. Weka picha 12 kwa sekunde.

Wanafunzi waliomba skrini ya tisa, ya maandishi ya mwisho. Walitaka jina la Boheti bin Amrani, aliyewasimamia wachimbaji wa Tendaguru, lisomeke ukutani. Tukalichapa kwa herufi kubwa nyeusi.

Baada ya maonyesho zilibaki karatasi 40. Kila mwanafunzi alichukua nne, yaani mzunguko mmoja kamili, kuanzia mguu wa nyuma kushoto unapotua.