Somo: Taarifa za watu utazilindaje kabla hujafika Mwambani

Somo hili ni la wanafunzi wa uzamili na wasaidizi wa utafiti mlioko Tanga, mnaojiandaa kwenda uwandani. Wengi huanza kukimbizana na mihuri ya vibali. Mimi nashauri uanze na ukurasa mmoja usio na muhuri wowote.

Hatua ya kwanza: andika safari ya taarifa

Andika taarifa zako zitapita wapi, kuanzia mdomoni mwa unayemhoji hadi siku utakapozifuta. Nani anarekodi, kwa simu ya nani? Simu hiyo inalala wapi, na nywila anaijua nani mwingine? Kamati ya maadili ya utafiti itakuuliza hayohayo, na msimamizi wako pia. Ukishakuwa na ukurasa huo, fomu nyingi zinazofuata ni kunakili tu.

Tuchukue utafiti wa uvuvi wa baruti. Umehoji wavuvi wa Sahare, Mwambani na Tongoni, umefuta majina na kuweka namba, roho imetulia. Lakini kwenye jedwali lako kuna mstari huu: "M07, mwanamume, miaka 58, nahodha, Tongoni, ana mashine mbili za boti, aliwahi kulala rumande." Mtu wa Tongoni akiusoma, hafiki mwisho kabla hajamtambua M07. Uvuvi wa baruti ni kosa la jinai, kwa hiyo umemwandikia ushahidi mtu aliyekukaribisha barazani kwake akakupa kahawa.

Umri uuweke kwa makundi, mfano 50 hadi 59. Tongoni iwe "kusini mwa jiji". Mashine na rumande vitoke, kama havijibu swali la utafiti wako, na mara nyingi havijibu. Orodha inayounganisha namba na majina, kama ni lazima uwe nayo, isikae kwenye flashi moja na jedwali.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za afya, vinasaba, watoto, dini na siasa inazihesabu kuwa nyeti, na zinahitaji idhini ya maandishi. Mtu kutikisa kichwa haitoshi. Sheria hiyohiyo inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Iulize ofisi ya utafiti ya chuo chako kama usajili wa chuo unaifunika kazi yako.

Hatua ya pili: vibali

Hapa nitapita haraka. Utafiti wa afya unahitaji kibali cha maadili, na mamlaka ya kitaifa ni NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambayo ina kituo hapahapa Tanga. Mtafiti wa kutoka nje anapitia COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia), kisha Uhamiaji kwa kibali cha ukaazi daraja C. Mtanzania wa chuo cha ndani kwa kawaida hupewa barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, halafu anashuka wilayani, halmashauri, kata hadi mtaa. Pwani usiwasahau viongozi wa BMU, vile vikundi vya wanajamii vinavyosimamia rasilimali za ufukwe. Barua ya mkoa unaweza kuwa nayo mkononi na ufukweni asikusemeshe mtu. Ukigusa eneo la Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapa Tanga, lililotangazwa mwaka 2009, omba pia kwa Hifadhi za Bahari.

Hatua ya tatu: simu

Simu ya utafiti isiwe ile ambayo mtoto anachezea gemu jioni. Ukitumia KoboCollect, programu ya kujazia fomu kwenye simu, washa kufuta fomu baada ya kutuma. Kwenye kamera zima alama ya mahali: picha ya boti ikibaki na alama ya GPS, umeshataja bandari yake. Na sauti za mahojiano zisipite WhatsApp hata kama msimamizi ana haraka, maana zitabaki kwenye simu mbili na pengine kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo hukumbuki kama uliiwasha.

Hatua ya nne: akili unde (AI)

Kuitumia kusahihisha sarufi ya ripoti, ruksa, mradi sera ya chuo inaruhusu na unasema umeitumia. Kuipakia mahojiano mazima ili ikufanyie muhtasari ni jambo jingine kabisa, kwani umeyapeleka kwenye kompyuta za kampuni iliyo nje ya nchi, na mhojiwa hakuambiwa hivyo. Kama unataka kugeuza sauti kuwa maandishi, programu ya Whisper inaweza kufanya kazi ndani ya kompyuta yako bila intaneti. Kiswahili inakiweza kiasi. Kwa Kimtang'ata, lahaja ya wazee wa Tongoni, usiitegemee, kaa chini usikilize mwenyewe.

Maswali yenu

*Shikamoo mwalimu. Wazee wengine hawataki kusaini, wanaogopa karatasi. Nifanyeje?*

Marahaba. Wana sababu, karatasi zimewahi kuwaponza watu kwenye mambo ya ardhi. Wasomee fomu yote kwa sauti, waachie nakala, kisha dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu yako. Akikataa bado, mshukuru uondoke.

*Kaka, nataka kurusha droni juu ya mikoko ya Kigombe. Barua ya halmashauri inatosha?*

Haitoshi. Anza na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na usinunue droni kabla hujajua masharti yao.

*Msimamizi wangu wa pili yuko Ujerumani, anataka nimwekee kila kitu kwenye folda ya pamoja.*

Kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi kuna masharti kisheria. Mpe jedwali lililosafishwa, sauti na orodha ya majina vibaki huku. Akihitaji zaidi, iandikwe kwenye makubaliano ya vyuo viwili na kwenye fomu ya idhini.

*Polisi wakilitaka daftari langu la baruti je?*

Dada, usimwahidi mhojiwa kwamba hakuna atakayeliona kamwe, maana amri ya mahakama ni amri. Mwahidi unachokiweza: kwamba jina lake huliandiki. Katika utafiti kama huu mimi nisingetunza orodha ya majina kabisa, na kamati ya maadili ningeiambia hivyo mapema. Ukiitwa, mpigie msimamizi na mwanasheria wa chuo kabla hujakabidhi kitu, na omba amri yenyewe uione kwa maandishi.