Kutega taimingi ya pampu ya dizeli unapobadilisha belti

Taimingi ni ule wakati pampu inapopuliza dizeli kwenye injini. Somo hili ni la injini zenye pampu ya mzunguko (pampu moja inayogawa dizeli kwa nozeli zote), aina ya VE na ndugu zake, inayozungushwa na belti ileile inayozungusha kamshafti, shafti inayofungua valvu. Wengi wetu tunafunga belti kwa kufuata alama, gari linawaka, tunanawa mikono. Alama zinakuhakikishia tu kwamba belti imekaa kwenye jino sahihi la gia. Kile kipande kidogo kilichobaki kati ya jino na jino kinategwa kwenye pampu yenyewe.

1. Toa waya hasi wa betri. Zungusha krankshafti kwa spana, kwa upande inaozungukia siku zote, mpaka pistoni ya kwanza ikae topu (juu kabisa ya safari yake) na valvu zake zimefunga. Amini alama ya flaiwili kuliko ya puli ya mbele, maana puli yenye mpira huweza kuteleza na alama yake ikadanganya.

2. Kabla hujagusa tenshena (kile kinachokaza belti), funga gia ya kamshafti na ya pampu kwa pini au bolti zake. Ndani ya pampu mna springi; belti ikitoka, gia huruka. Ukisikia "tak!" ujue imeshahama. Na belti ikiwa nje usizungushe krankshafti, pistoni itapiga valvu.

3. Vaa belti ukianzia krankshafti, upande usio na tenshena uwe umenyooka. Kaza tenshena, toa pini zote, zungusha kwa mkono mizunguko 2 kamili. Ikigoma, simama hapo hapo utafute sababu.

4. Sasa geji, ile ya mshale yenye uso kama saa. Fungua bolti ndogo iliyo katikati ya kichwa cha pampu, kati ya mabomba ya nozeli, ufunge geji hapo. Rudisha injini nyuma polepole mpaka mshale uache kusogea, weka sifuri, kisha njoo mbele mpaka topu usome. Namba hiyo ni umbali ambao plunja, kijiti kinachosukuma dizeli ndani ya pampu, imesogea. Tuseme kitabu cha injini yako kinataka 0.90 mm na wewe unasoma 0.78: pampu imechelewa. Legeza bolti za pampu na nati za mabomba (mabomba yakikaza huivuta irudi), ugeuze bodi kinyume na mzunguko wa shafti yake. Kipimo kitapanda. Kaza, pima tena, kwa sababu kule kukaza tu huusogeza mshale. Ukipitiliza topu, rudi robo mzunguko ndipo uje tena.

Kama pampu ina levaa ya kusaidia kuwasha injini ikiwa baridi, hakikisha imelegea kabla ya kupima. Mimi niliisahau mara moja, nikafukuza kipimo mchana kutwa.

Maswali

— Fundi, nimezungusha mara moja, alama ya krankshafti imerudi lakini ya pampu iko upande wa pili. Nimekosea?
Hapana ndugu. Pampu inakwenda nusu ya mwendo wa krankshafti. Maliza mzunguko wa pili, itarudi.

— Sina geji. Nikihamisha alama za rangi kutoka belti ya zamani kwenda mpya?
Utapata jino. Lakini kama aliyekutangulia alikosea, umenakili kosa lake kwa uaminifu.

— Mkuu, baada ya kufunga inatoa moshi mweupe na haina nguvu.
Kwanza toa hewa kwenye mabomba. Ikiendelea hata injini ikishapata joto, pampu imechelewa, pengine jino zima. Ingekuwa mapema mno, ungesikia inagonga kwa ukali.

— Yangu ni komoni reli (dizeli ya nozeli zinazoongozwa na kompyuta), nayo inategwa hivi?
Hapana. Pampu yake inajaza presha tu. Wakati wa kupuliza unaamuliwa na kompyuta. Baadhi zina alama ya pampu, ukiikuta ifuate, ila geji haina kazi hapo. Kamshafti na krankshafti ndizo za kuchungwa, valvu zake zinapinda vilevile.