Namna ya Kukagua Fedha za UVIKO-19 Katika Shule ya Kata Yako
Mwaka 2021 Tanzania ilipata kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa mkopo wa takribani shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19 (ugonjwa wa korona), na sehemu yake ilijenga madarasa 15,000, kila darasa la sekondari likitengewa shilingi milioni 20. Anzia hapo: mwombe mkuu wa shule au mtendaji wa kata taarifa ya mapokezi ya fedha, kisha uilinganishe na stakabadhi za saruji na mabati, malipo ya mafundi, na mihtasari ya kamati ya ujenzi. Viti na meza vihesabu mwenyewe, kwani daftari la stoo huandikika kirahisi. Halafu soma ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), ambayo hukabidhiwa kwa Rais kabla ya kuwasilishwa bungeni, uone kama halmashauri yako ina hoja za ukaguzi ambazo hazijafungwa, yaani hazijajibiwa kikamilifu.