Kabla ya Kwenda Paje Kucheza Kaiti, Uliza Mwezi ni wa Ngapi

Kila ikikaribia Desemba napata ujumbe wa aina moja kutoka kwa ndugu na marafiki walio Dar es Salaam, Arusha, hata Nairobi: "Tumepata likizo ya wiki moja, tunakuja Paje kujifunza kaiti. Tubebe nini?" Nami huwarudishia swali: siku hizo mwezi utakuwa wa ngapi? Wengi hudhani nimekosea kuandika. Sijakosea, naulizia mwezi wa angani. Nguo utaazima, ubao utakodi, mafuta ya jua yanauzwa dukani. Lakini ukija wiki ambayo upepo na maji havikubaliani na ulichokifuata, hakuna duka la kukuuzia wiki nyingine.

Kwa asiyeujua mchezo huu, kaiti ni kishada kama kile tulichorusha utotoni, ila hiki kina mita za mraba 7, 9, 12 au zaidi, mishipa yake hujazwa hewa kwa pampu, na kamba zake za mita ishirini na kitu huungwa na mkanda uliofungwa kiunoni mwako. Unasimama juu ya ubao, upepo unakuvuta. Ndugu wawili wa Kifaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili ubunifu wa kaiti ya kujazwa hewa mwaka 1984, na mwaka 2024 mchezo ukaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, kwenye michezo ya Paris. Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, kama kilomita 50 kutoka mjini, imejulikana kwa sababu ya umbile lake. Mbali kule nje kuna mwamba mrefu unaovunja mawimbi ya Bahari ya Hindi, na baina ya mwamba na ufukwe yamebaki maji matulivu yenye sakafu ya mchanga mweupe.

Tuanze na upepo. Wazee waliugawa mwaka kwa pepo mbili, na mgawanyo wao mpaka leo ndio kalenda ya kaiti. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi mwanzoni mwa Machi. Kusi huwa imekwisha kushika barabara ifikapo Juni na huendelea hadi Septemba. Katikati ya pepo hizo kuna tanga mbili, wakati ambao upepo unageuka na nahodha hana hakika atautega upande gani. Tanga mbili ya baada ya Kaskazi huja pamoja na masika, mvua kubwa ya Machi hadi Mei. Usikate tiketi ya Aprili kwa kuwa umeona vyumba vimeshuka bei. Vimeshuka kwa sababu hiyo hiyo.

Kaskazi ni ya joto, na mara nyingi huamka taratibu ikapata nguvu jua likishapanda. Kusi ina ubaridi, ni nzito zaidi, na ikikaa inakaa. Kwa anayeanza ningemwambia aje Januari. Aliyekwisha kujua kusimama kwenye ubao na anayetaka mwendo aje Julai au Agosti. Na siku chache kabla ya safari fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Wanapotoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa kwa wavuvi, nawe umo ndani ya angalizo hilo.

Upepo watu wengi huuliza. Maji ndiyo wanayoyasahau, na hapa ndipo safari nyingi huharibika. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati zake husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua. Tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3, na kwa kuwa sakafu ya Paje ni ya mteremko mdogo sana, bahari hukimbia mbali hadi ukaona kama imehama. Mwezi unapokuwa nusu, siku ya nane au ya tisa hivi tangu kuandama, na tena siku ya ishirini na mbili au tatu, huja maji mafu. Hayajai sana wala hayapwi sana.

Jambo la kuandika kwenye karatasi ni hili. Siku za bamvua, Unguja maji hupwa kama saa nne au saa tano asubuhi na hujaa kama saa kumi au saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo asubuhi nzima hakuna maji ya kuchezea karibu na ufukwe, na jioni yanakuwa mengi hadi yanagusa kuta za hoteli na vigogo vya minazi. Nafasi yako ni baina ya hapo, mchana maji yanapokuwa yanarudi. Siku za maji mafu mambo hugeuka, maji hukaa ya wastani karibu kutwa nzima, na mwanafunzi anapata saa nyingi za kusimama akiwa amefikwa na maji kiunoni. Ndiyo maana nauliza mwezi. Anayekuja kujifunza kwa siku nne tu, azipange ziangukie maji mafu. Mwenye wiki nzima hana shida, ataonja yote mawili.

Bamvua la jioni nalihofia kwa sababu nyingine. Ufukwe hubaki kama uchochoro, maji upande mmoja na ukuta upande wa pili, na kaiti inahitaji uwazi mkubwa wa kurushia na kushushia. Nilimwona mgeni mmoja akirusha kaiti yake saa kumi na moja kasoro katika uchochoro huo. Upepo ulimwinua hatua chache tu, lakini hatua chache zilitosha kumfikisha ukutani, na mkono ulivunjika. Ufukwe ukiwa mwembamba, subiri maji yarudi nyuma. Siku hiyo kama haina nafasi, haina.

Sasa tugeukie hao walio baharini asubuhi ile ya bamvua, wakati wewe huna maji. Ni wakulima wa mwani, wengi wao wanawake. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na mama yangu mkubwa ni mmoja wa waliosomesha watoto kwa mwani. Shamba lake ni safu za vijiti vilivyochomekwa mchangani, baina yake zimepita kamba zilizofungwa vichipukizi vya mwani. Maji yakipwa unaliona vizuri. Yakijaa linafunikwa kabisa, na mtu anayepita juu kwa kasi hajui kwamba chini yake kuna vijiti vya kumchoma na kamba za kumnasa mguu. Akianguka hapo anaumia yeye, na anang'oa jasho la mtu. Bahari imekuwa na joto zaidi, ile aina ya mwani yenye bei nzuri inakufa kwenye maji ya kina kifupi, na akina mama hawa hawana akiba ya hasara. Kwa hiyo katika maandalizi yako weka hili kabla ya ubao: uliza chuo unachotaka kusomea kimekubaliana nini na wakulima kuhusu mipaka. Kama hawana jibu, tafuta chuo kingine.

Uelekeo wa upepo nao una maana kubwa kuliko kasi yake. Kaskazi ya kwetu hutokea kaskazini-mashariki, Kusi hutokea kusini-mashariki. Ukisimama Paje ukaitazama bahari, moja inakujia kwa bega la kushoto, nyingine kwa bega la kulia, na zote zinakusukuma kurudi nchi kavu. Chombo kikiharibika, utachoka lakini utafika mchangani. Upande wa magharibi wa kisiwa, ule wa Mji Mkongwe, upepo huohuo unatoka nchi kavu kwenda baharini. Kule usirushe kaiti hata kama maji yanang'aa namna gani. Anayekwenda Diani au Watamu kwa upande wa Kenya ajiulize swali lilelile: upepo huu ukinichukua, utanitua wapi?

Kuhusu mafunzo, mtu mzima wa kawaida anahitaji kama saa 9 hadi 12 za mwalimu ndipo aanze kupanda ubao. Hizo si za siku moja, kwani mikono na kiuno vitakataa. Hesabu siku tatu au nne za somo, kisha ongeza siku mbili kwa ajili ya upepo utakaogoma. Kabla ya kulipa chochote uliza: mwalimu ana cheti cha IKO, shirika la kimataifa la mchezo wa kaiti? Mwalimu mmoja anashika wanafunzi wangapi? Kuna boti ya kuokoa, na iko majini au imefungwa? Kofia ngumu na jaketi vipo? Ukiwa mkazi, uliza pia bei ya mkazi, usione haya.

Na siku ya kwanza, kabla hata ya kuinua kaiti, mwambie mwalimu akufundishe kifyatuo, kile kifaa kilicho mbele ya mkanda ambacho ukikisukuma kaiti inapoteza karibu nguvu yote. Kifyatue mara ishirini ukiwa umesimama mchangani. Kifyatue umefumba macho. Kifyatue kwa mkono wa kushoto peke yake. Watu huumia si kwa kuwa kifyatuo hakikuwepo, bali kwa kuwa mkono uliganda kwenye mpini wakati kichwa kikisema achia.

Vifaa usinunue kwa safari ya kwanza, kodi. Ila jua ukubwa unaokufaa ili usipewe kilichobaki. Mtu wa kilo 75, upepo wa noti 18, yaani kilomita 33 hivi kwa saa, anatosheka na kaiti ya mita 9. Ukishuka hadi noti 13 au 14 atahitaji ya mita 12. Aliye mwepesi achukue ndogo zaidi, na anayeanza asione aibu kupewa ndogo. Viatu vyepesi vya majini ni lazima, kwa ajili ya vijiti, makombe na wale viumbe wa miiba mirefu myeusi wanaokaa mwambani. Fulana ya mikono mirefu itakusaidia kuliko mafuta ya jua. Usifungashe vitu kwenye mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku.

Anayetoka nje ya nchi akumbuke kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anatakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44. Isome, na ile ya nyumbani kwako uisome pia, uone kama inagusa michezo ya majini. Hospitali ya Makunduchi haiko mbali na Paje, na kwa jambo kubwa utapelekwa Mnazi Mmoja, mjini. Weka namba ya dereva mmoja unayemwamini tangu siku ya kufika.

Paje ni kijiji, watu wanaishi na kuswali. Ukitoka ufukweni kuingia mitaani, jisitiri, wanaume pia. Miaka hii Ramadhani inaangukia ndani ya Kaskazi, basi ukija wakati huo usile wala kunywa barabarani mchana, na zungumza mapema na mwalimu wako kuhusu saa za somo kwa kuwa huenda naye amefunga. Ukija Julai, uliza siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, kule Makunduchi, upumzishe mabega siku hiyo.

Asubuhi yako ya kwanza usiguse kaiti. Ngoja maji yapwe, vaa viatu vyako, toka na mwenyeji mtembee kuelekea mwambani. Mkiwakuta akina mama shambani, amkia: "Shikamoo, mama. Mashamba yenu yanaishia wapi?" Watakuonyesha kwa mkono, mti gani wa ufukweni hadi mti gani. Ikariri miti hiyo, maana mchana maji yakirudi ndiyo alama pekee utakayoiona.