Kuchagua grupe (jenereta) ya nyumba ya watu wengi: someni yote mbele ya kuuliza

Wiki hii tu watu wanne wameniuliza "yaya, ninunue grupe ya ngapi?" na kila mara naandika yale yale, basi naweka hapa mara moja. Kwetu Bukavu tuko watu 14 kwenye parseli moja, kwa hiyo naongelea nyumba kubwa, si ya ampuli mbili na redio.

1. Andika vyote vitakavyowaka pamoja na wati zake, ziko kwenye kibandiko cha nyuma.

2. Pasi, reshô na birika la umeme, toa. Kupika ni makala (makaa).

3. Hesabu ya kuanza. Hapa njo niliharibu. Nilijumlisha tu: ampuli 150, tivi na simu 150, frigo 150, kongelateri (friza) 200, pompi ya maji 1,100, jumla wati 1,750, nikaona grupe ya 3.5 kVA (kipimo cha ukubwa wa grupe) inabakiza hata nafasi, nikalipa. Kumbe chenye motere kinapoanza kinavuta mara 3 ao zaidi kwa sekunde chache! Pompi peke yake inafika 3,300, ongeza 650 ya vingine, ni 3,950. Kila pompi ikianza grupe inazama, ampuli zinakuwa nyekundu, kongelateri inanguruma bila kuzunguka, na baada ya wiki mbili kompresa ikaungua na nyama ya arusi ya mdogo wangu ikaoza yote. Tena kVA si kW, kama kibandiko kinasema cos φ 0.8 unazidisha kVA kwa 0.8 kupata kW. Tena tuko karibu mita 1,500 juu, na grupe isiyo na turbo inapoteza karibu 3.5% kwa kila mita 300, yaani kwetu kama 17%. Gawa 3,950 kwa 0.83, halafu kwa 0.8: karibu 6 kVA. Kwa mzigo kama wangu MSISHUKE HAPO. Na msome namba ya kazi ya muda wote, ile ya "MAX" ni ya muda mfupi.

4. Saa mbili tatu kwa siku, grupe ya esansi (petroli) inatosha. Usiku kucha, chukua ya mazutu (dizeli) ya mizunguko 1,500 kwa dakika.

5. Inverseri (swichi ya kubadilisha laini) ni lazima, elektrisie aiweke: ama laini ya SNEL (kampuni ya umeme) ama grupe, kamwe zote mbili.

6. Grupe inakaa nje, mbali na madirisha. Si barazani, si depo hata mlango ukiwa wazi, ile gesi ya karboni monoksidi inayotoka nayo haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala. Wezi? Mnyororo kwenye beto (zege).

7. Kubadilisha oili: baada ya saa 20 za kwanza za kazi, halafu kila saa 100.

MASWALI

Kijana wa Kadutu: Kaka niko na frigo, kongelateri na pompi, 3 kVA itaweza?
– Namba 3.

Kijana wa Kadutu: Ni ndefu, sema tu ndiyo ao hapana.
– Hapana. Nimepoteza kongelateri juu ya swali hilo hilo, soma.

Papa wa Bagira: Inverseri ni bei. Fundi wangu anachomeka waya wa fishi (plagi) mbili za kiume ukutani, hakuna shida.
– Papa, kwa heshima, hapana. Umeme wako unarudi kwenye laini, transfo inaupandisha, na mtu aliye juu ya nguzo anakufa. Mkate huo waya leo.

Mama wa Nguba: Hesabu nimeelewa. Lakini kwa nini mlima unakula nguvu? Na moshi mweusi wa grupe yangu unatoka hapo?
– Mama, asante kwa kuuliza hivyo. Huku juu hewa ni nyepesi, injini inavuta oksijeni kidogo, na karbirateri iliyopangwa kwa usawa wa bahari inamwaga esansi ileile, haiungui yote, njo moshi na buji (plagi ya injini) jeusi. Angalia kwanza filtre ya hewa. Ikiwa safi, mekanisie aweke jikleri (kitundu kinachopitisha esansi) ndogo zaidi. Nguvu yote hairudi, lakini esansi itapungua. Na kama bado hujanunua pompi, chukua ya nusu farasi na tanki kubwa, inajaza polepole, na mzigo wangu wote ungeingia kwenye 4 kVA.

Mama wa Panzi: Mimi najaza nafasi za kongelateri na chupa za maji, zikiganda sihitaji kuwasha usiku.
– Hii ni nzuri sana, wote fanyeni. Iliyojaa inashika baridi kama saa 48 isipofunguliwa, ya nusu kama 24. Chupa msizijaze pomoni, zinapasuka.

Mama wa Panzi: Isipofunguliwa, njo kazi. Nimeweka kufuli kwa sababu ya watoto.