Kufuga gaa wadogo nyumbani: upana wa tangi kwanza

Gaa ni samaki wa Amerika Kaskazini na Kati, mwenye mdomo mrefu uliojaa meno na magamba magumu yanayong'aa. Mkubwa wa ukoo huo, gaa mamba, hupita mita 2 na hafai kabisa kwa nyumba ya mtu. Wanaoitwa wadogo, ambao mfugaji aliye Marekani huwakuta dukani, ni gaa wa madoadoa, Lepisosteus oculatus, wa bonde la chini la Mississippi na Texas. Gaa wa Florida. Na gaa wa mdomo mfupi. Lakini tuelewane kuhusu huo udogo: akikomaa, mmoja hufika sentimita 60 hivi, na wengine huzidi.

Kabla hujalipa, mtazame mgongoni. Kifaranga wa gaa mamba ana mstari mweupe unaotoka mdomoni na kupita katikati ya mgongo. Ukiuona, mwache hata kama ni wa bei ya kutupa.

Wengi hukosea kwenye tangi. Hununua refu na jembamba kwa sababu linapendeza ukutani. Gaa ana mwili mkakamavu kama mpini wa jembe, hajikunji kama kambare. Tangi likiwa jembamba kuliko urefu wake, kila akigeuka atakwaruza mdomo kwenye kioo, na mdomo ukipinda akiwa bado anakua, haunyooki tena. Kwa gaa wa madoadoa mmoja au wawili ningeshauri tangi la urefu wa sentimita 240, upana 90 na kina 60. Hapo ni karibu lita 1,300 likijaa, yaani maji peke yake yana uzito wa tani moja na robo na ushee. Anayekaa ghorofani aulize kwanza kama sakafu itabeba. Kama huna nafasi hiyo, usijidanganye kwamba utanunua tangi kubwa "baadaye".

Usijaze maji hadi juu. Kibofu cha hewa cha gaa kimeungana na umio na hufanya kazi ya pafu: hupanda polepole, humeza hewa, kisha viputo vichache humtoka kwenye mashavu. Usishtuke, hajabanwa na maji. Muachie sentimita 10 za hewa chini ya kifuniko, na kifuniko chenyewe kiwe kizito, maana akishtushwa huruka. Watoto wasigonge kioo.

Kifaranga huanza na viluwiluwi vya mbu na visamaki vidogo, kisha mzoeshe mapema chakula kilichokufa. Shika kipande chembamba cha sato au kamba kwa koleo refu, kipitishe taratibu ubavuni mwa kichwa chake, si mbele ya pua. Atatulia kana kwamba hana habari, halafu ghafla atapiga kichwa pembeni, abane kipande, akigeuzegeuze mpaka kielekee kooni. Samaki hai wa dukani huleta magonjwa, tena kumlisha gaa samaki wa dhahabu kila siku humpunguzia vitamini B1. Mdogo ale kila siku. Mkubwa mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Mabaki yatolewe siku hiyo hiyo.

Chujio liwe kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu mla nyama huchafua maji haraka. Badilisha theluthi moja kila wiki kwa maji yaliyoondolewa klorini, na upime amonia, sumu inayotokana na kinyesi na mabaki: isomeke sifuri. Nyuzi joto 22 hadi 26 zinamfaa. Wenzake wawe samaki wapana wasioweza kumezwa, wala wasiwe wagomvi. Akitaga, mayai yasiliwe na mtu wala kuku, yana sumu.

Sheria hutofautiana kila jimbo la Marekani, kwa hiyo uliza idara ya wanyamapori kabla ya kununua. Japani ilipiga marufuku kufuga ukoo mzima bila kibali mwaka 2018, kwa sababu watu walikuwa wakiwatupa mitoni. Sisi wa Ziwa Victoria, tulioletewa sangara miaka ya 1950, hatuhitaji kuelezwa mla samaki mgeni hufanya nini. Ukishindwa kumtunza, mtafutie mfugaji mwenzako, usimpeleke mtoni.

Mwenye tangi la lita 300 atafute samaki aitwaye Polypterus senegalus, anayeishi pia katika maziwa Albert na Turkana. Naye huvuta hewa juu ya maji na ana magamba magumu, lakini tangini kwa kawaida huishia sentimita 30 na ushee.